Upande Wako Iko Nini?

Jumanne, Durban. Joto la kunata, lile la kabla ya mvua, na mvua yenyewe inakataa kunyesha. Nimefungua madirisha yote ya gari na hakuna hewa inayoingia. Nina hasira tangu jana mchana. Sijui kama joto ndilo linaizidisha, au ni hasira inayonipa joto.

Papa Solange, mume wangu, yuko nje. Anajifanya anakaza kamba za turubai. Kamba hizo alizikaza jana jioni.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Mama Solange, mzaliwa wa Uvira, ila uzee umenikuta Durban. Nilikuwa na saluni Isipingo, karibu na stendi ya tekisi, mpaka magoti yakakataa kusimama kutwa nzima. Mume wangu aliendesha malori ya makontena kutoka Clairwood tangu tulipofika nchi hii. Alipostaafu tulipangisha nyumba yetu, tukanunua gari hili kuukuu lenye kitanda, jiko la gesi na choo chembamba kama kabati. Huu ni mwaka wa tatu tunaishi ndani yake. Tumelala Karoo kwenye ukimya unaopiga kelele masikioni, tumelala kwenye baridi ya milimani karibu na Lesotho, tumelala nyuma ya vituo vya petroli tukisikia malori mpaka alfajiri. Durban tunarudi kila mwaka kuona watoto na kubadilisha matairi. Safari hii kuna ubatizo wa mjukuu, Jumapili inayokuja, na tumeegesha kwenye kambi ya magari huku kusini, karibu na bahari.

Wasomaji wa zamani mtakumbuka niliyoandika juu ya mume wangu na swali lake.

Ndilo limenichoma.

Dereva wa lori si mume wa kukaa naye. Anarudi, anakula, analala, anaondoka. Miaka yote ile nilimjua Papa Solange kwa mgongo wake zaidi kuliko uso. Halafu siku ya kwanza kabisa ya safari yetu, hata Pietermaritzburg hatujafika, akaniuliza, "Mama Solange, upande wako iko nini?" Nikamwambia. Kulikuwa na mwanamke anaanika blanketi kwenye waya wa shamba. Akasema, "Bon. Na sasa?" Nikamwambia tena.

Tangu hapo aliuliza kila siku, na mimi nikajifunza kutazama ili niwe na la kumwambia. Kondoo aliyenasa kwenye ua. Mti mkavu uliojaa viota. Watoto wawili juu ya punda mmoja. Saluni niliongea na watu kutwa, lakini nyumbani hakuna aliyekuwa ameniuliza nimeona nini. Nikaandika hapa kwamba uzee umenipa mume. Msomaji mmoja wa Goma aliniandikia kwamba alimsomea mume wake ukurasa ule mezani, wakati wa chakula. Nilijisikia bibi harusi.

Kumbe nilikuwa kioo cha pembeni.

Jana tulitoka kwenda Mobeni kwenye karakana ya matairi. Yeye hupenda kupitia Clairwood, atazame yadi alizofanyia kazi, aone kama bado iko mtu anayemfahamu. Malori yalikuwa yamejipanga pande zote mbili kama kuta. Solange, binti yetu mkubwa, akanipigia simu kuhusu keki ya ubatizo. Yeye anataka nyeupe, bibi wa upande wa pili anataka ya buluu. Nilikuwa nacheka.

Tukafika kwenye roboti, hivyo ndivyo huku tunavyoita taa za barabarani. Tulikuwa tunakata kushoto. Nilimsikia akiuliza, "Upande wako iko nini?" Nikampungia mkono, maana yake subiri, naongea. Mkono ule hakuuona. Hakusikia jibu, akadhani njia ni nyeupe, akakata kona.

Kishindo kilikuwa upande wangu.

Alikuwa mwanaume wa makamo anayesukuma toroli ya maboksi, wale wanaokusanya karatasi na kwenda kuziuza. Toroli ililala ubavu, maboksi yametapakaa barabara nzima. Yeye mwenyewe alikuwa amerukia ukingo wa barabara, kiatu kimoja kimemtoka. Mzima, Mungu asifiwe. Alivaa kiatu chake taratibu, akazunguka mbele ya gari mpaka kwenye dirisha la mume wangu, akasema kwa Kizulu, bila kupaza sauti, na kule kutopaza sauti kukauma zaidi:

"Baba, awuboni?"

Baba, huoni? Hapo Kizulu na Kiswahili ni ndugu, sikuhitaji mkalimani.

Papa Solange akashuka. Aliomba msamaha, akaomba tena. Akatoa koleo lake, akanyoosha gurudumu la toroli lililopinda. Tukaanza kuokota maboksi, malori yanatupigia honi nyuma. Mimi nikafunga fungu moja, nikasimama kushoto kwake, nikamnyooshea. Hakupokea. Alikuwa anatazama mbele. Nikalisogeza mbele kidogo, usawa wa bega. Bado. Nikalisogeza tena, na lilipofika karibu na pua ndipo aliposhtuka na kulichukua, kama limetoka mbinguni.

Tulipomaliza, mwenye toroli aliondoka bila kutupa mkono. Haki yake.

Tulirudi ndani ya gari, tukaegesha kando ya ukuta wa ghala. Solange bado alikuwa kwenye simu, anaita, "Mama? Mama?" Nikaizima.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"Papa Solange. Tangu lini?"

"Mbele ya kununua gari." Kwetu Uvira, mbele ni kabla.

Presha ya macho. Daktari alimwambia kwamba anachokiona kinapungua kutoka pembeni kwenda katikati, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwamba matone yatachelewesha tu. Sasa anaona mbele, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Upande wake huwa anageuza shingo. Upande wangu alikuwa na mimi.

Na yale matone nayajua. Aliniambia ni ya vumbi. Nimeyatunza mimi kwenye friji yetu ndogo, pembeni ya siagi. Kila jioni nilikuwa namkumbusha, mzee, matone yako ya vumbi. Alikuwa anasema asante.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungeniachisha."

"Ndiyo, ningekuachisha."

"Voilà, ndiyo hiyo," akasema.

Akaachia usukani. Halafu akasema maneno ambayo tangu jana yananizunguka kichwani kama nzi. "Nimeendesha inchi hii miaka yote, na nimeona lami tu, na mgongo wa lori ya mbele. Nilitaka kuiona mbele macho hayajafunga. Nilitaka tuione wote wawili."

Ni sababu nzuri. Hiyo ndiyo inayonikasirisha zaidi. Angesema ni kiburi cha mwanaume, ningepata mahali pa kupiga.

Lakini sababu nzuri haimfanyi mtu aone. Alinipa kazi bila kuniambia kwamba nimeajiriwa. Kwenye kona zote zile za milimani mimi nilikuwa jicho la kushoto, na jicho la kushoto lilikuwa linamenya machungwa. Kuna mchana niliolala. Nililala usingizi mzito, kichwa kwenye dirisha, na yeye akaendelea kuendesha na nusu ya dunia haipo. Tumepita mbele ya shule ngapi? Yule mwenye toroli angechelewa kuruka, mimi ningekuwa nimesaidia kumuua huku nikicheka habari za keki, na hata kuijua dhambi yangu nisingeijua.

Na kuna hasira nyingine, ndogo, ambayo naona aibu kuiandika karibu na hiyo. Nilimuuliza pale pale, ukutani mwa ghala. "Wale ndege wa pinki, kule kwenye ziwa la chumvi, niliokueleza mpaka chai ikapoa. Ulitaka kuwasikia, ao ulitaka tu barabara?"

Aliwaza sana.

"Siku ile gari ilikuwa imesimama," akasema.

Nilikaa na jibu hilo. Sikuwa nimejitayarisha kupewa jibu zuri. Nilimwambia ashuke, azunguke, akae upande wangu.

Leseni ninayo tangu siku za saluni, nilipokuwa na kigari cha kubebea maboksi ya nywele. Hili la sasa siku zote aliniambia ni zito kwangu. Si zito. Ni pana tu. Nilienda mwendo wa mazishi, malori yananipigia honi, jasho linanitiririka mgongoni, na yeye pembeni ananiambia funga breki, punguza, chunga kulia. Nilimwambia mtu anayechungulia kwenye bomba asinifundishe. Akanyamaza mpaka Mobeni. Tulikaa karakana kwenye viti vya plastiki, tukitazama matairi mapya yakifungwa, kama watu wawili wasiojuana wanaosubiri tekisi moja.

Leo asubuhi Solange amekuja. Nilimwita mimi. Nilidhani hasira yangu inahitaji shahidi.

Alikuja na nguo za kazi, akasimama pale mlangoni kwa sababu humu ndani watu watatu hatutoshi. Nilimweleza yote mbele ya baba yake. Na yeye akaanzia pale pale alipoishia siku tulipoondoka.

"Nilisema, Mama. Sikusema?"

Alisema kwamba chumba cha nyuma kwake kimeshapakwa rangi. Gari analijulia mnunuzi. Mimi nitamsaidia na mtoto akiwa kazini, Papa atapumzika. Kila kitu kilikuwa tayari mdomoni mwake, na nikaelewa kwamba kilikuwa tayari muda mrefu, kinasubiri tu mmoja wetu ateleze. Halafu akamnyooshea baba yake mkono. "Papa, lete funguo."

Mzee wangu, aliyepeleka makontena mpaka Lubumbashi na kurudi, akainamisha kichwa, akatia mkono mfukoni kama mtoto aliyekutwa na peremende. Mfuko ulikuwa mtupu. Funguo ninazo mimi tangu Clairwood.

Mkono wa Solange ukageukia kwangu.

Niliutazama mkono ule, nilioukata kucha alipokuwa mchanga. Kuhusu macho ana haki yote. Kuhusu hatari ana haki, na kilichomsukuma ni woga, si ubaya. Lakini yeye alikuwa amekasirikia gari. Mimi nimemkasirikia mtu. Gari halikunidanganya.

"Funguo ni zangu," nikasema.

"Mama, kwa umri wako..."

"Umri wangu naujua. Nimekuita unisaidie kukasirika, sikukuita uninyang'anye nyumba."

"Eish, Mama." Akakaa kwenye ngazi ya mlango na kulia kidogo. Baba yake alitaka kumshika bega, mkono ukapita pembeni, akaurudisha. Solange aliona. Mimi nikachemsha kahawa, kwa kuwa hakuna kingine kilichobaki cha kufanya.

Tumekubaliana jambo moja tu. Alhamisi tunakwenda wote kwa daktari wa macho, na mimi naingia ndani ya chumba, nisikie kwa masikio yangu. Nimemwambia kwamba baada ya ubatizo, daktari asipokataa, Jumatatu tunaondoka na dereva ni mimi. Hakusema ndiyo. Alimbusu baba yake, akaenda kazini.

Alipoondoka, Papa Solange alikuja kunishukuru. Nilimwambia asinishukuru. Kwamba nimekataa kutoa funguo haina maana kwamba nimemsamehe, ni mambo mawili, yakae kila moja na meza yake. Akasema, "Nasikia." Akaenda kwenye kamba zake.

Sasa kuna shida ambayo sikuifikiria nilipokuwa najibu kwa ushujaa. Jana niliingiza gari hapa kambini kwa pua, mpaka kwenye ua, kwa sababu kurudi nyuma sijui. Ili tutoke Alhamisi ni lazima lirudishwe kinyumenyume, kati ya bomba la maji la kambi na karavani ya jirani. Papa Solange hawezi kunielekeza, bomba hataliona. Nilikwenda kwa jirani mwenyewe, mjane Mzungu anayevuta karavani yake peke yake na anayevuta sigara zaidi. Nilimweleza kwa maneno machache. Hakuuliza mengi. Alitazama gari, akatazama bomba, akasema, "Sharp, sawa. Kesho mapema."

Sijamsamehe. Naliandika hapa ili wiki ijayo, tukiwa mahali pazuri na upepo unavuma, nisijidanganye kwamba liliisha. Alinificha ili nisimwachishe, na kila siku alinikalisha pale mbele mimi sijui lolote. Siwezi kulimeza hilo kwa siku moja.

Asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, yule mama atasimama nyuma na sigara yake, apunge mkono, na mimi nitajifunza kuirudisha nyumba yangu nyuma bila kugonga bomba.