Mfuko wa Karatasi

Shoga, acha unachofanya usome hii. Nina hasira hapa.

Unajua tangu tairi la lori lilipopasuka pale gereji likamuua mwenzao, shemeji yako akisikia kishindo tu anajitupa chini. Basi fundi mkuu kafanya mchezo. Anajaza mfuko wa karatasi upepo, anaupasua nyuma yake, gereji nzima inacheka. Nikamfuata. Akanijibu, "Tunamtoa woga, shemeji."

Tunamtoa woga.

Leo nimemburuta mume wangu kliniki. Nesi hakucheka. Akasema huo si woga, ni kiwewe, akili imekwama siku ile ya tairi, na kina tiba. Shemeji yako akamuuliza mara mbili, "Kwa hiyo sijarukwa na akili?"

Tukapelekwa kwa mshauri anayekitibu. Mlango ukafunguka, akatoka fundi mkuu. Yule yule, macho mekundu. Nesi akamwambia, "Wiki ijayo, kama kawaida."

Kama kawaida, shoga.

Fundi akanivuta pembeni. "Shemeji, nakuomba, vijana wasijue."

Muda wote huo alijua tiba iko mlango gani. Na bado akawa anampasulia mume wangu mifuko.