Asilimia Mia kwa Kapteni

Tarrabin, New South Wales
30 Agosti 2018

Dada Glenda mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi. Sisi hatujambo, Lorraine anakusalimu sana, mgongo wangu unalalamika lakini bado unabeba. Goti lako je? Na mvua za huko Todmorden, bado mnazo nyingi? Hebu tutilieni kidogo kwenye bahasha. Kijito chetu kimebaki mchanga mtupu, kondoo wa jirani wanalala katikati yake kama wako zizini.

Haya, umesikia? Tumemwangusha waziri mkuu mwingine! Na waliomwangusha ni watu wa chama chake mwenyewe, sisi wapiga kura hata hatukuulizwa. Nyie huko mnasubiri nini? Wa kwenu anayumba tangu mwaka jana na bado mnamtazama tu. Kubali yaishe, mdogo wako na nchi yake tumekupita. Afadhali tunaandikiana, maana kwenye simu ungeshanikatia zamani.

Ijumaa tulibishana hayo hayo pale banda la zimamoto. Kila mwisho wa mwezi kikosi chetu cha kujitolea tunachoma soseji, tunakunywa bia, tunasafisha mipira ya maji. Wazee wakasema ni aibu kumtoa kiongozi kabla ya wakati wake. Craig, yule mwenye duka la matairi, akasema, "Aibu ya nini? Ni hesabu tu. Unapiga simu, unajua nani yuko na nani hayuko, unamaliza." Halafu akamtazama Merv aliyekuwa anageuza soseji. "Hata kapteni ni kura tu, au siyo?"

Watu walicheka. Merv naye akacheka, akamwambia, "Geuza na wewe upande huo, zinaungua." Merv Tolhurst amekuwa kapteni wetu miaka ishirini. Kila Juni tunapiga kura na hakuna anayesimama kushindana naye. Sijui kwa nini, Glenda, lakini ule utani haujanitoka kichwani.

Tena juzi alinifokea mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeegesha gari la maji pua ikiangalia ukuta. Akauliza kwa sauti, "Russell, gari likitazama ukuta linazima nini? Rangi?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nina miaka sitini na moja, jamani.

Mdogo wako,
Russell


Todmorden
14 Desemba 2018

Russell mdogo wangu,

Hujambo wewe na Lorraine? Mimi niko salama. Goti linatabiri mvua, na kwa hapa halikosei hata siku moja. Nimechelewa kujibu makusudi, nilitaka nikujibu nikiwa nimeshinda, lakini wabunge wetu wameniangusha.

Sisi huku hatupigi simu kama wahuni. Sisi tuna adabu. Mbunge akimchoka kiongozi wake anaandika barua ya siri, anampelekea mwenyekiti wa kamati, basi. Mwenyekiti anazifungia. Hakuna anayejua zimefika ngapi wala nani kaandika, na wote wanakutana kwenye chai wanachekeana. Juzi zikatimia idadi ya kuitisha kura, wakapiga, na mama wa watu akapona! Wakatoka mbele ya kamera mmoja mmoja: tunamuunga mkono asilimia mia. Nikamwambia Maureen wa tawi letu, huyu kwisha kazi. Miaka thelathini namimina chai kwenye mikutano ya chama, Russell. Sijawahi kusikia maneno hayo yakisemwa kwa mtu aliye salama.

Sasa wewe. Utani wa Craig umekukaa kichwani kwa sababu umefokewa mbele ya watu. Tangu utoto ukiaibishwa unanuna wiki nzima, halafu unaita jambo hilo jina kubwa. Mwache Merv na soseji zake.

Krismasi njema. Msile kamba wabichi kwenye jua lile.

Dada yako,
Glenda


Tarrabin
24 Juni 2019

Dada mpendwa,

U hali gani? Sisi wazima. Baridi imekuja kavu, asubuhi nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Samahani kwa kimya, utaona nilikuwa na shughuli gani.

Mimi ndiye kapteni.

Usianze. Najua ulisema. Lakini Merv amezidi. Alimfungia Craig mwezi mzima kwa ajili ya chupa moja ya bia aliyokunywa akiwa zamu. Kila kitu ni hapana. Basi Craig akapiga simu zake, mimi zangu, na Jumamosi kwenye mkutano mkuu nikasimama. Kumi na moja kwa tisa, Glenda! Nchi nzima inafanya, kwa nini siyo sisi?

Ninachotaka kukuambia ni Merv. Hakubisha. Aliosha kikombe chake, akakifuta, akatundika funguo za gari pale msumarini. Halafu akaja kunipa mkono. "Hongera, kapteni. Mimi na wenzangu tunakuunga mkono asilimia mia." Wale tisa wote wakanipa mkono, mmoja mmoja.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Lorraine nimefurahi. Akaniuliza mbona sili.

Mdogo wako,
Russell


Todmorden
28 Julai 2019

Russell,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi naendelea, ila huku joto limepanda mpaka watu wanazimia kwenye treni, nawe utatucheka.

Wa kwetu naye ameondoka, kama nilivyosema. Tumepata mwingine wiki hii, Maureen kavaa skafu mpya kwa furaha. Basi tuko sare wewe na mimi. Lakini sina hamu ya utani leo.

Asilimia mia! Russell, maneno yale yale! Mtu aliyetolewa kwenye kiti hatoki chumbani. Anahamia benchi la nyuma, anakunja mikono, anangoja siku utakayomhitaji. Nimewaona. Kwanza wanakupa mkono. Halafu wanakuja na ushauri. Huo ndio wa kuogopa. Anakuja kwako polepole, mbele ya watu, na neno la busara, ili ukilifuata ionekane anaongoza yeye, na usipolifuata akungoje uanguke. Anayekuja na ushauri anataka kiti chake.

Umekitaka mwenyewe, sasa kikalie vizuri. Usimwonyeshe kuwa unatetereka.

Dada yako akupendaye,
Glenda


Tarrabin
3 Novemba 2019

Dada Glenda,

Habari za huko? Afya yetu si mbaya, ila tunakohoa wote. Moshi umetufikia kutoka milima ya kaskazini, jua limekuwa jekundu tangu Jumatano na kuku wanaingia bandani saa nane mchana. Lorraine ameweka sanduku karibu na mlango, ndani kuna picha za mama na hati za nyumba. Namwambia liondoe linanitia mkosi, anasema litakaa hapo hapo.

Wewe ni mchawi. Alikuja!

Unajua huku tukipishana barabarani kila dereva anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu. Tangu Juni Merv na wale wenzake wananiinulia kidole kama kawaida, wala hawakosi mazoezi hata mara moja. Kila wakija, mimi najiuliza wanangoja nini. Nikizungumza nawaangalia usoni. Wananisikiliza tu.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya mazoezi, watu wote wapo, Merv akasogea. "Kapteni, neno moja. Upepo wa magharibi ukivuma, usipeleke gari Korongo la Pender. Barabara yake inaishia juu, na pale mwisho miti imeota mpaka hakuna pa kugeuzia. Ukitaka nitapanda na tingatinga langu wiki hii, nipasafishe."

Glenda, ni kama nilikuona umesimama kando yangu. Ushauri, mbele ya watu, polepole, neno la busara! Nikamjibu, "Asante Merv, nimekusikia. Mipango ninayo." Akasema, "Sawa, kapteni," akaenda kukunja mipira. Craig akanikonyeza.

Tingatinga halikupanda. Sitaki aonekane anafanya kazi yangu.

Mdogo wako,
Russell


Todmorden
19 Novemba 2019

Mdogo wangu,

Pole na moshi, naona kwenye televisheni kila jioni, natafuta jina la Tarrabin nikiomba nisilione. Mimi mzima. Huku uchaguzi umeanza, nagawa vipeperushi kwenye mvua na goti langu hili.

Ulimjibu vizuri. Nilimsomea Maureen, akapiga makofi. Ila hilo korongo, Russell. Si unaweza kupanda wewe mwenyewe na shoka, bila yeye? Nilipomaliza kucheka nilianza kulifikiria na sijaacha. Wanaishi watu huko juu?

Niandikie haraka. Au piga simu, hata kama tutagombana.

Dada yako,
Glenda


Todmorden
2 Januari 2020

Russell wangu,

Nimeliona jina la Tarrabin.

Simu yenu inaita tu, halafu inakata. Ya Lorraine haiiti kabisa. Wanasema njia za simu zimeungua, wanasema na watu wamepotea, hawataji majina. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono yangu. Sitaki kujua nani kapteni. Niambie uko hai tu.

Dada yako


Tarrabin
19 Januari 2020

Dada mpendwa,

Niko hai. Lorraine yuko hai, yuko kwa mdogo wake kule mjini Wagga, sanduku lile ndilo alilotoka nalo. Nyumba haipo. Naandika nikiwa banda la zimamoto, ninalala hapa karibu na gari. Samahani kwa hofu niliyokutia. Barua yako ya Novemba nimeipata wiki iliyopita, posta walikuwa wamefunga.

Umeuliza kama wanaishi watu juu ya Korongo la Pender. Ndiyo. Mzee mmoja na mkewe.

Ilikuwa Jumamosi ile kabla ya mwaka mpya, upepo wa magharibi. King'ora kilipolia nilisimama hapa mlangoni nikijiambia wale tisa hawatakuja. Walikuja wote tisa, na walitangulia kufika kuliko wa kwangu. Mke wa mzee akapiga simu, anasema mumewe hawezi kutembea. Nikampeleka Craig na vijana watatu na gari kubwa. Nilikumbuka maneno ya Merv, Glenda, sikuyasahau. Niliyakumbuka na nikawapeleka. Ningefanyaje, nimgeukie mbele ya watu nimuulize njia?

Walimpata mzee, wakampakia yeye na mkewe, moto ukawa umeshuka upande wa chini. Craig akaanza kuita kwenye redio kwamba gari haligeuki. Merv akaingia redioni, "Russell, wanahitaji nafasi pale mwisho." Mimi nikanyamaza. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, ameanza, anakichukua kiti kwenye redio wote wanasikia. Nilinyamaza hivyo huku Craig akilia. Sijui ni muda gani, watu wengine wanasema ulikuwa mfupi.

Halafu Merv akasema, na kikosi kizima kilisikia, "Kapteni, naomba ruhusa nipande na tingatinga."

Aliomba ruhusa, Glenda. Alikuwa tayari yuko mlangoni mwa korongo, injini inanguruma nyuma ya sauti yake, na wale wenzake walikuwa wanamtazama yeye, na yeye alikuwa anaomba ruhusa kwangu. Kama ningesema hapana nadhani angezima injini.

Nikampa.

Aliisukuma ile miti, akapata nafasi, gari likageuka. Craig anasema Merv aliwapisha pembeni wapite, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Wao walitoka na moto umewagusa matairi. Tingatinga ni zito, halikimbii. Tulimpata kesho yake.

Tumemzika Alhamisi wiki hii, njia zilipofunguliwa. Jana nikaitisha mkutano, nikaweka funguo juu ya meza, nikawaambia chagueni mwingine. Nilitaka waniangushe, dada. Nilitaka mtu mmoja apige zile simu. Hakuna aliyesogea. Mwisho akasimama Bernie, mkwe wa Merv, macho mekundu, akachukua zile funguo akanirudishia mkononi. "Merv alituambia tangu Juni tukusikilize. Tunakuunga mkono asilimia mia, kapteni." Wakaja kunipa mkono, mmoja mmoja, mpaka Craig.

Walimaanisha. Alimaanisha na yeye, tangu siku ile alipoosha kikombe. Mimi na wewe ndio hatukuwa na masikio ya kulisikia neno hilo.

Usijilaumu kuliko ninavyojilaumu, lakini naomba usiniandikie tena habari za vyama. Niandikie mvua.

Msimu wa moto una miezi miwili mbele. Upepo umegeuka tena, unatoka magharibi tangu asubuhi. Vijana wako nje wananisubiri niwaambie twende wapi.

Mdogo wako,
Russell