Vanishi Isiyong'aa

Iringa, Jumanne, Julai 1954

Baridi kali tangu asubuhi, na upepo umeingiza vumbi jekundu hadi ndani ya karakana. Mikono imekufa ganzi mpaka saa nne. Mama yake Yohani amekuja, amemchukua mwanawe wa mti, na nimemwambia. Naandika hilo kwanza nisije nikalizunguka tena.

Sisikii kitu.

Nilidhani siku nikisema nitalia, au nitatetemeka, au angalau nitashindwa kula. Nimekula. Mchana nimepiga randa mbao mbili za mlango na zimetoka sawa kabisa.

Mwezi wa kwanza mama huyu alikuja mjini kutoka Idodi kuuza karanga. Mtu sokoni akamwambia kuna fundi seremala, Eliya, aliyepigana vita kule Burma, na kwamba huchonga askari wadogo wa mti na kuwapaka rangi. Ni kweli. Nilianza kuwachonga mwaka niliorudi, urefu wa kidole cha kati, mmoja mmoja, wale tuliokuwa nao kikosini. Sijawahi kumwuzia mtu. Hukaa kwenye rafu juu ya benchi langu, na wenzangu karakanani wameshazoea kutouliza.

Mama aliingia, tukasalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, akaniuliza kama nilimjua Yohani wake. Nikasema nilimjua. Akasema hana picha yake hata moja, na kwamba barua ya serikali ilieleza kuwa alifia hospitalini, kitandani, kwa homa. Akaniomba nimchongee.

Nikakubali. Mengine nikayameza.

Kumchonga kulichukua siku nne. Uso wake naujua kuliko wangu. Rangi nazo hazikunisumbua: sare ya kijani iliyochujuka, kofia ya ukingo mpana, viatu vya kahawia. Taabu ilikuja kwenye vanishi. Bila vanishi rangi hubanduka mtu akiishika mara kwa mara, na nilijua mama ataishika kila siku. Lakini vanishi ya karakana ni ya meza na makabati. Nilipompaka, Yohani aling'aa mwili mzima, mashavu na sare na vyote, kama mtu aliyetolewa mtoni. Usoni mwanga ulimpiga hata macho yasionekane.

Nilimkwangua nikaanza upya. Nikachanganya vanishi na poda ya mtoto, kwa kuwa nilisikia poda huua mng'ao. Kweli iliua, ila kijani kikageuka kijivu na chembechembe zikabaki kwenye mikunjo ya shati. Nikakwangua tena. Mwezi wa tatu nikapaka vanishi nyepesi tupu siku ya mvua, unyevu ukaingia, asubuhi nikamkuta ana ukungu mweupe kifuani. Mama alipokuja nikamwambia bado. Mwezi wa tano akaja tena, nikamwambia bado.

Hapa niseme ukweli, maana hakuna asomaye daftari hili ila mimi. Ule mng'ao ulinikera, sikatai. Lakini ulinifaa pia. Maadamu Yohani hajakauka vizuri, sikuwa na sababu ya kukaa na mama yake uso kwa uso.

Mwezi uliopita karakana ikanituma Mbeya kufunga madirisha ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Aliyekuwa akipaka rangi pale ni fundi Saidi, mtu mzima, wazazi wake walitoka Bagamoyo. Siku ya pili nikamtolea Yohani mfukoni. Akampeleka dirishani, akamgeuza, akaniambia kosa langu ni kutafuta kitu cha kuficha mng'ao baada ya kuutia. Akanifundisha anavyofanya yeye kwenye fremu za picha. Nta ya nyuki, safi, uikwangue iwe kama chenga. Uitie kwenye kopo, kopo ulikalishe ndani ya maji ya moto, wala usilipeleke karibu na jiko, kwa sababu tapentaini hudaka moto kabla hujageuka. Nta ikiyeyuka utie tapentaini, ukoroge, kisha uchanganye na vanishi kidogo kidogo. Kila unapochovya brashi ukoroge kutoka chini, kwa kuwa kinachoua mng'ao hutuama. Upake mara moja, kwa wembamba, siku kavu. Halafu umwache. Akasisitiza nisimsugue, maana nta ikisuguliwa huanza kung'aa.

Hakuuliza huyu ni nani. Aliponirudishia alimshika kwa mikono miwili.

Nilipaka Jumatano iliyopita. Ijumaa nilipomsogeza dirishani mwanga ulimwangukia ukatulia. Sare ikawa kitambaa. Mashavu yakawa ngozi. Nilimtazama muda mrefu na nikaona kazi imekwisha, na kwamba sina kisingizio kingine.

Leo mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nikampa. Akamtazama, akapitisha kidole gumba usoni, kwenye kofia, kwenye mikono. Akasema ndiye. Akasema hata bega la kushoto nimelishusha kidogo, kama alivyokuwa. Kisha akaniuliza kama nilipata kumtembelea hospitalini.

Nikamwambia hakukuwa na hospitali.

Nikamweleza jinsi ilivyokuwa. Tulikuwa tunavuka kijito, sita sisi, adui wakatupiga risasi kutoka upande wa mianzi. Watano tulirudi nyuma ya gogo. Yohani alianguka hatua labda ishirini mbele yetu, hakufa. Aliniita. Aliniita kwa jina langu, si jina la mwingine, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikilala naye hema moja. Sikwenda. Hakuna aliyenizuia, na risasi zilikuwa zimepungua. Miguu ilikuwa mizima. Sikwenda tu. Tulipomfikia alikuwa amekwisha. Habari ya hospitali sijui aliyeiandika. Nilipoisikia kwa mara ya kwanza niliona afadhali.

Haya yote niliyasema kwa sauti ileile ninayotumia kumweleza mtu vipimo vya kabati. Nilijisikia nikisema. Nilikuwa natazama mikono yake, ambayo haikuacha kumshika Yohani.

Nje mtu alikuwa anapasua mbao. Kisha akauliza, "Alikuita mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

Nilingoja anitukane. Ningeyapokea matusi hayo kwa urahisi, miaka yote hii nimeyaandalia mahali. Akamfunga Yohani kwenye pindo la kanga yake, akalifunga fundo mara mbili.

"Ungekwenda mngekufa wawili," akasema. "Leo ningemwuliza nani?"

Sikuona ahueni yoyote. Nilitazama uso wake nijue kama amenisamehe, nikaona amechoka tu, ni mwanamke mzee aliyetoka mbali kwenye lori. Sidhani alikuwa anasamehe. Nadhani alikuwa anahesabu nani amebaki.

Aliposimama akaniambia niende Idodi Jumapili. Baba yake Yohani hawezi tena safari, miguu imevimba, na miaka yote hii amekuwa akiwasimulia watu habari ya kitanda na homa. Akasema, nije niyaseme mwenyewe, yeye hawezi kuyabeba peke yake hadi nyumbani. Nikasema ndiyo, mama. Nikamsindikiza hadi kwenye lori, nikamshika mkono akipanda. Mkono wake ulikuwa wa moto, wangu wa baridi. Hilo nililihisi.

Jioni nimemweleza mke wangu, Salome. Miaka sita ya ndoa na hakuwa akijua. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nitahitaji shati jeupe kwa Jumapili, akaenda kulifua. Namsikia sasa hivi uani akikamua maji.

Msimamizi amenipa ruhusa ya Jumamosi. Kwenye rafu wamebaki watano, wote wanang'aa, na kopo la nta bado lina nusu. Watangoja.

Nimejibana mkono kwa kucha ili nione. Unauma, ila kwa mbali, kama wa mtu mwingine. Sijui kama moyo utakuwa umeamka ifikapo Jumapili. Usipoamka, nitakwenda hivyo hivyo.