Jina Nililoliita Kwenye Jumba la Wafanyabiashara

Kisiwa cha Johns,
Carolina Kusini.
2 Mei 1996

Dada Ozella, Jerusha amepata kazi Charleston, kwenye lile jumba la zamani la wafanyabiashara, na mimi mama yake nimeharibu.

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo, dada yangu mpendwa? Goti linaendeleaje na baridi ya Philadelphia? Sisi ni wazima wa mwili. Bamia zimeanza kuota, na ile kofia uliyonitumia ya Pasaka imelinyamazisha kanisa zima.

Waliomba kazi watu arobaini, Ozella. Wakachukuliwa wawili, na mmoja ni mwanangu, na shahada yake na sauti yake kama kinanda. Anawatembeza wageni akiwaeleza jinsi matajiri wa enzi za Waingereza walivyokaa mle wakiuziana mchele, nili ya kutia rangi, na watu. Watu wetu. Nimemwambia kila mtu, hata msoma mita za umeme.

Unajua Mama alikuwa akivuka barabara asiguse hata kivuli cha jumba lile. Mimi nikavaa kofia yako nikaingia. Juu pazuri, sakafu inang'aa. Kisha Jerusha akatushusha ghala la chini, la matofali, walikofungiwa watu kungoja kuuzwa. Baridi ikanipanda kuanzia unyayoni. Akakata kona na taa yake, nisimwone tena. Hofu ikanishika, mdomo ukafunguka wenyewe, nikamwita. Si Jerusha. Nilimwita jina lake la kapuni.

Jina ulilompa wewe akiwa na siku tisa, amelala kapuni, la nyumbani tu, ambalo halijaandikwa popote na hata humu siliandiki. Wazee wetu waliuzwa mle kwa majina ya makaratasi. La kapuni halikuuzwa, kwa kuwa hakuna aliyelitamka mle. Mimi nimelitamka. Likagonga matofali likarudi mara mbili, na mara ya pili haikuwa sauti yangu.

Mama mmoja wa Kizungu akauliza, "Jina zuri hilo. Linaandikwaje?"

"Haliandikwi, mama," Jerusha akamjibu, huku ananitazama mimi.

Tulipotoka nilipaswa kumwita mlangoni, kama tunavyowaita watoto tukiondoka mahali, roho isisahaulike nyuma. Nikaogopa kulirudia. Tukaondoka hivyo hivyo.

Leo siku ya kumi na moja. Nikimwita Jerusha, anaitika. Nikimwita lile jingine, hageuki, anaendelea kukoroga wali mwekundu kana kwamba nimemwita jirani. Akiketi mezani anakula vijiko viwili. Jana asubuhi nilimkuta amesimama barazani, uso ameuelekeza mjini. Nikamuuliza anasikiliza nini.

"Kuna mtu ananiita, Mama. Wewe humsikii?"

Nikaenda kwa Mama Lottie, mkunga aliyempokea alipozaliwa.

"Vernelle, mdomo wako ni king'ora cha zimamoto," akasema. "Miaka ishirini na miwili umelifunga jina, ukaenda kulifungulia ndani ya nyumba ile."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Anasema mimi siwezi kumrudisha. Aliyelitoa jina ndiye asimame kwenye mlango ule aliite, ndugu wote wakiwa nyuma yake, kisha waondoke na mtoto bila kugeuka.

Aliyelitoa ni wewe. Najua uliapa kutokanyaga huku tena baada ya mazishi ya Mama, na niliyokuambia siku ile yalikuwa mabaya. Nayameza yote. Ukitaka nikuombe msamaha mbele ya kanisa zima, nitaomba, na kofia nitaivua. Ila njoo.

Msalimie shemeji Rufus. Wasalimie wanao, Delphine na pacha wake, na uje nao, maana nao ni damu yetu. Mungu awafunike njiani, na azidi kumshika mwanetu mkono mpaka mfike.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,
Vernelle

Mlango wa jumba hufunguliwa saa tatu asubuhi. Sisi wa huku tutakuwa tumesimama pale tukikungoja, na Jerusha katikati yetu, Jumamosi, tarehe 18 Mei.