Mtori wa Tausi

Elerai, Arusha

Mwanangu Agnela,

Mvua zimeanza vizuri, na ule mgomba ulioupanda umetoa mkungu. Ni miaka arobaini tangu nitoke Machame, lakini bado napima afya ya nyumba kwa migomba yake.

Tausi wako anaumwa. Daktari wa mifugo amesema ni figo, na kwa mbwa wa umri wake hakuna kupona. Namnywesha maji kwa bomba la sindano, naye hunilamba kidole kila tukimaliza.

Jumapili niliandika jina lake kwenye karatasi ya maombi ya wagonjwa kanisani. Sikuandika kwamba ni mbwa. Jumanne akina mama wa jumuiya wakaja na chupa ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wanaopewa wagonjwa.

"Shikamoo, mzee. Mgonjwa wetu yuko wapi?" akauliza Mama Allen.

Nilipoona vitenge getini nilikuwa nimeshamfungia Tausi stoo. Nikasema ni mpwa wangu, karudishwa hospitali. Wakapiga magoti, wakamwombea. Tausi aliposikia sauti yangu ikisema amina, akaanza kulia.

"Jamani, nani huyo?"

"Ni mbwa tu," nikajibu.

Walipoondoka nikamfungulia. Alinijia akiyumba, mkia ukicheza. Nikamlisha ule mtori. Alikula vijiko vitatu, chakula chake cha kwanza tangu Ijumaa.

Jumapili nitasimama kanisani niseme ukweli. Nimeanza na wewe, kwa sababu uliponiachia Tausi ulisema, "Baba, mtunze kama mimi."

Njoo umwone.

Baba yako,
Ndesanjo