Hawataibomoa Materniti ya Kalundu

Kalundu, Uvira
Tarehe 14, mwezi wa nane, 2023

Mpendwa mdogo wangu Basile,

Pokea salamu zetu za huku ziwani. Afya yako ikoje? Fanny na watoto wameizoea baridi ya Lubumbashi? Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Mguu wangu bado unavimba nikisimama sana, lakini Jumanne nilisimama kutwa nzima na sijutii.

Nakuandikia na hasira, unisamehe. Unaikumbuka materniti ya zamani, ile ya matofali mekundu kwenye mteremko, ambamo mama alituzaa sisi wote sita? Wanataka kuibomoa. Baraza lake la matao wamekwisha kuliangusha.

Kartie, mtaa wetu huu, imejaa, Basile. Tangu mafuriko, waliopoteza nyumba kule bondeni wamepanda huku, na tulipokuwa tunalima mihogo sasa ni mabati, tole mpya tupu. Hao siwalaumu. Lakini kuna bwana mmoja, Rémy, muuza simenti, ambaye nyumba ya kulala anayo. Anataka kujenga maduka pale pale. Ana karatasi yenye muhuri. Nilipouliza maofisini nani alitia sahihi, biro moja ilinituma kwa nyingine, na ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza. Karani mmoja akaniambia yale ni matofali makuukuu tu. Babu yetu aliyachoma matofali hayo kwa kulazimishwa wakati wa ukoloni, akipigwa fimbo. Na maji yalipokuja, familia arobaini zililala mle ndani. Karani huyo alikuwa wapi?

Basi Jumanne asubuhi walileta mashini ya kubomolea bila kumwambia mtu. Nilikuwa nafua, nikasikia matao yanaanguka, nikakimbia na mikono yangu ya povu. Nilimkuta Mama Louise, yule mkunga aliyestaafu, ameweka kiti chake katikati ya mlango, amekaa. Tukajipanga nyuma yake, wanawake kama ishirini. Rémy akamwamuru dereva aendelee. Mama Louise hakumtazama Rémy. Alimwuliza dereva, "Weye uko mutoto wa nani?"

Kijana akajibu kwamba ni wa Divine, wa kijiji cha Runingu.

"Divine walimuleta hapa juu ya baiskeli, damu inamutoka," akasema Mama Louise. "Minye nilikupokea mu chumba hiki. Ulikawia kulia, tukazani umekufa. Haya, fanya kazi yako."

Kijana alizima mashini, akashuka, akaenda zake kwa miguu. Rémy alitutukana mpaka sauti ikamkauka.

Tulipeleka barua kwa wakubwa siku ileile. Wametupa siku thelathini tuthibitishe kwamba nyumba ni ya watu wote. Sisi ndio tuthibitishe, kana kwamba ni sisi wezi. Ndiyo maana nakuomba: katika sanduku la baba, ulilolichukua baada ya mazishi, mna picha ya siku materniti ilipofunguliwa, na karatasi ya baba ya kazi ya ulinzi pale, yenye muhuri wa serikali. Zipige picha unitumie kwa simu leo, na karatasi zenyewe mpe ndugu yetu Lionel, anakuja huku wiki ijayo. Na usiniambie tena kwamba huko mjini nyumba za zamani zinabomolewa kila siku na hakuna anayelia. Huko hukuzaliwa.

Jana yule dereva, Merdi, alikuja na mama yake. Divine aliingia peke yake katika chumba alimomzalia, akakaa kidogo, akatoka. Rémy amemfukuza Merdi kazi. Tangu asubuhi ya leo yuko pale anachambua kifusi, matofali mazima anayapanga upande mmoja. Baraza tutalijenga tena.

Nisalimie Fanny, Baraka na Raïssa mdogo. Shangazi Félicité anawasalimu, na Mama Louise anauliza kama bado unaogopa sindano. Mungu aliyekulinda tangu siku ya kwanza katika chumba kile aendelee kukulinda.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Noella