Daftari la Januari

Lusaka, 3 Juni 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu sote wa nyumbani. Sisi wazima, ila mjukuu wako Chouchou ana kikohozi cha baridi hii. Magoti yako je? Na zile dawa ulizopewa, unazimeza au unazipanga tu dirishani?

Mama, nina habari iliyoninyima raha wiki nzima. Taasisi ya samaki ya hapa mjini inafungua maabara mpya. Mlangoni watabandika jina la mtu aliyegundua kwamba samaki aina ya makobo wa Ziwa Mweru hutaga mara ya pili mwezi wa Januari, ndani ya matete ya Kabuta. Unajua jina gani wameandika? Hervé! Hervé wako huyo huyo, aliyekuja kukuoshea vioo vya hadubini mwaka 2003 akiwa hajui hata kushika kisu.

Nilikwenda kumwona mkuu wao, Bi Mwaka. Alinisikiliza vizuri. Kamati inakaa tarehe 30 Agosti, na akiletewa daftari lenye tarehe za kabla ya Hervé, atalitetea jina lako yeye mwenyewe. Daftari hilo lipo. Utotoni nililala juu ya godoro ambalo chini yake ulilificha. Lifunge vizuri, umpe dereva wa basi, nitalipokea stendi.

Kwetu Pweto, kule Congo, hakuna mwanamke aliyesomea samaki kabla yako. Watu walijue hilo ukiwa hai.

Binti yako,
Arlène


Kashikishi, 22 Juni 2024

Kwako mwanangu Arlène,

Barua yako imefika, na bahasha ilinuka petroli. Mimi ni mzima. Dawa nameza. Mpe Chouchou maji ya tangawizi, na usimvalishe masweta matatu kama kitunguu.

Umenipigia simu mara nne. Nimekwishakuambia, simu inakula maneno. Kilichoandikwa ndicho kilichosemwa.

Hervé aliosha vioo vizuri sana, tumshukuru kwa hilo. Kwamba leo anataka na mlango, sishangai. Mwanamume akikaa miaka miwili karibu na kazi ya mwanamke, anaanza kukumbuka kwamba aliifanya yeye. Nimekaa Lubumbashi kwenye darasa la wanaume thelathini na wanane, ninawajua.

Lakini daftari liko chini ya mizigo, na mgongo wangu hauniruhusu kuinama. Halafu hao madereva wanalowesha kila kitu. Tusubiri kidogo.

Nisalimie wajukuu.

Mama yako


Lusaka, 14 Julai 2024

Mama,

Natumaini hujambo. Sisi hatujambo.

Mizigo gani, Mama? Una masanduku mawili na kiti. Nilimwomba Delphine, jirani yako, aje akuinamie. Ameniambia ulimfukuza kwa mwiko.

Sikuelewi kabisa. Miaka yote umekuwa ukilalamika kwamba hakuna anayekutaja. Ukisikia redio inazungumzia samaki unaizima kwa hasira. Sasa mtu yuko tayari kukutaja, na wewe unaumwa mgongo!

Acha nikuandikie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Tulipokimbia vita nilikuwa na miaka sita. Nilitembea kwa miguu hadi nyayo zikatoka damu, kwa sababu mgongoni ulikuwa umebeba hadubini. Uliifunga kwa kitenge, ukaifunika kichwa, ili askari wadhani ni mtoto. Mtoto mwenyewe nilikuwa chini, nimeshika sketi yako. Sijakulaumu, nilijua ile hadubini ina maana. Basi nionyeshe maana yake. Zimebaki wiki sita.

Binti yako aliyetembea,
Arlène


Kashikishi, 5 Agosti 2024

Mwanangu Arlène,

Salamu. Magoti ni yale yale. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, kisha nikaona kwamba sijakasirika, nina aibu.

Ni kweli ulitembea. Nilisikia kila ulipojikwaa.

Sasa sikiliza kwa nini daftari haliji. Unajua kwamba kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ziwa linafungwa, hakuna kuvua. Mimi nilitaka kujua samaki wanafanya nini hasa katika miezi hiyo, na bila samaki wa kupasua ningejuaje? Kibali sikuwa nacho. Nilikuwa mkimbizi mwenye hadubini na mtoto mmoja. Nikamwomba Chama, mume wa Misozi, yule Misozi anayekausha samaki hapa sokoni na aliyekusuka nywele mpaka ulipoolewa. Kila Jumatatu asubuhi Chama aliniletea majike kumi kutoka Kabuta. Hakutaka chochote. Alipenda kuangalia mayai kwenye hadubini, anacheka peke yake. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata mkewe, kwa sababu kaka yake Misozi alikuwa mlinzi wa ziwa.

Jumatatu ya 21 Januari 2002 upepo ulivuma tangu alfajiri. Mtumbwi wake uliokotwa kesho yake, na yeye siku ya tatu. Watu wakauliza, ziwa limefungwa, alikuwa anafuata nini huko? Wakajijibu wenyewe: alikuwa na mwanamke kwenye kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani. Misozi akaliamini. Mimi nilikuwa pale pale msibani, ninasonga bukari, ugali wa msiba, ninayasikia hayo, nikanyamaza.

Nilijiambia kwamba nikisema tutarudishwa Congo, mimi na wewe. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba niliogopa wangenichukulia daftari.

Jina la Chama limo katika kila ukurasa. Ndivyo nilivyofundishwa: tarehe, mahali, nani ameleta samaki. Ungelifunguaje mbele ya kamati, na Misozi asijue?

Mama yako


Lusaka, 12 Agosti 2024

Mama,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole. Pole kwa Misozi pia, ambaye sijui nitamtazamaje.

Lakini Mama, Chama amekufa, na kunyamaza kwako hakumrudishi. Bandika karatasi juu ya jina lake. Gundi kidogo tu. Bi Mwaka anatafuta tarehe na mayai, hatafuti mvuvi. Misozi hatajua, na wewe utapata chako. Nakuomba kwa magoti yote mawili. Tarehe 30 ni karibu.

Binti yako,
Arlène


Lusaka, 2 Septemba 2024

Mama,

U mzima?

Nilikwenda stendi tarehe 27, tarehe 28 na tarehe 29. Dereva wa tatu alinihurumia, akaninunulia chai. Kamati imekaa. Kibao kimeagizwa, na jina ni la Hervé. Bi Mwaka anasema kama daftari likija mwezi huu bado anaweza kuandika barua ya kupinga. Baada ya hapo, basi.

Sina nguvu ya kugombana tena. Niambie tu kama unalituma.

Arlène


Kashikishi, 9 Septemba 2024

Mwanangu Arlène,

Ni mzima, na ninakushukuru kwa siku zako tatu za stendi. Nikuombe radhi kwanza, halafu nikueleze.

Gundi nilinunua. Nilikata na karatasi. Nikakaa mezani nimeshika brashi, nikashindwa. Daftari la kazi halifutwi, mwanangu, hata pale ulipokosea. Ukifunika jina la aliyeleta samaki leo, kesho mtu atakuuliza umefunika nini kingine, na atakuwa na haki. Hervé ndiye angeuliza wa kwanza.

Kwa hiyo tarehe 25 Agosti, baada ya ibada, nilikwenda kwa Misozi kuomba ruhusa. Nilimkuta anageuza samaki. Nilimwambia yote bila kupumzika, maana ningepumzika ningerudi nyumbani. Hakulia. Alifuta mikono kwenye kitenge, polepole sana, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha huku ziwani:

"Mama Arlène, siku zote hizi ulikuwa unayua?"

Nikasema ndiyo.

"Mi nilikuwa namutukana mu roho. Kila asubui. Miaka makumi mbili na mbili, namutukana mutu mwenye alikuwa kwa kazi yako. Na wewe unakuya unakaa hapa, unakula samaki yangu!"

Nilisema kitu kibaya: nilimwambia kazi ile ilikuwa na faida kwa ziwa zima. Ningeweza kujizaba kofi.

Kisha akasema nimletee. Nililichukua nyumbani, nikarudi. Misozi hajui kusoma, kwa hiyo akaniambia nimwonyeshe jina lilipo. Nikamwonyesha tarehe 3 Desemba. Akaweka kidole, akatembeza juu ya herufi, akakunja pembe ya ukurasa. Nikamwonyesha Jumatatu iliyofuata, akakunja. Mimi niliyekuchapa kwa kukunja ukurasa mmoja, nilimwonyesha kurasa saba.

Alipomaliza alilifunga daftari, akaliingiza ndani ya kitenge chake, kifuani. Nikamwomba aniazime siku mbili tu ninakili zile tarehe. Akasema:

"Hapana. Jina yake haiko fasi ingine. Ku kaburi hakuna hata mubao. Hii sasa ni yangu, na wewe utafute ya kwako."

Tangu siku hiyo hanisalimu. Ameniachia ile meza ya sokoni tuliyokuwa tukipasulia samaki pamoja, akahamia upande wa pili wa soko. Nilikwenda mara mbili kumsihi. Mara ya pili alinimwagia maji miguuni, na wanawake wengine wakaangalia pembeni.

Kwa hiyo daftari haliji, Arlène, si mwezi huu wala mwingine. Usimtume Delphine kwa Misozi, wala usije wewe. Nina hasira inayonitoa usingizini. Nilitaka jina langu kwenye ule mlango, nililitaka kuliko nilivyokuonyesha, na linaniuma kila ninapopanga vikombe. Nimeshindwa na sina wa kumdai.

Kitu kimoja sikukuandikia pale juu. Baada ya zile kurasa saba alifungua wa nane, akaniuliza, "Na hapa? Hapa jina yake iko?" Nikasema lipo. Akataka nimsomee. Nikasoma: "21 Januari. Upepo. Chama hajafika." Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akaukunja na ule.

Mama yako,
Angèle